Nani Kashinda, na Nani Kalipa?

Tangu mtaala wa umilisi uanze kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, wazazi wengi wa Majengo, iwe ile ya Meru au ile ya Embu, wamekuwa wakipokea karatasi ya matokeo isiyojibu swali walilolizoea. Swali lilikuwa moja tu: umekuwa nambari ngapi? Sasa karatasi inasema mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Jumla ya alama 500 haipo tena, wala hakuna aliyeandikwa kuwa wa mwisho. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na KCSE, ule wa sekondari, imepangiwa kufikia kikomo 2027. Katika kipindi hiki cha mpito wapo wazazi waliopumua, na wapo wanaolalamika kwamba mtoto akiwa hana nambari, hawajui kama wanalipia karo ushindi au hasara.

Malalamiko hayo yameibua utata mkubwa zaidi ya mitihani. Mwanafunzi yuleyule anayehimizwa nyumbani awe wa kwanza, darasani anafundishwa fasihi ambamo shujaa hufungwa jela, husalitiwa au huuawa, na bado anatakiwa aandike insha kueleza kwa nini huyo ndiye mshindi. Akitoka nje ya lango la shule, anakuta mshindi ni mwenye ploti, lori na kiti cha mbele kwenye harambee. Vigezo hivi haviafikiani, na hakuna anayemwambia kijana afuate kipi.

Makala haya yanaipitia misimamo minne inayoshindana kuhusu maana ya mafanikio, kwa mifano ya fasihi ya Kiswahili na ya maisha ya upande huu wa Mlima Kenya, kisha yanaipima. Hoja yetu ni kwamba kila ushindi una safu mbili, kama daftari la muuza duka: kilichopatikana na kilicholipwa. Jamii hupenda kusoma safu ya kwanza. Fasihi bora imejitwika kazi ya kuitunza ya pili. Hukumu ya haki huzisoma zote.

Usuli: Swali la kale katika mtaa wa njia panda

Majengo ni mahali panapofaa kuliuliza swali hili. Kama mitaa mingine yenye jina hilo katika miji ya Kenya, ilikua enzi za ukoloni kuwa makazi ya watu waliokuja mjini kwa kazi na biashara. Kwa muda mrefu imekuwa kitovu cha Uislamu na Kiswahili katikati ya wakulima Wameru na Waembu, ambao wengi wao ni Wakristo. Hapa hekima ya pwani hukutana na hekima ya mlimani, na kila moja ina habari zake za kale kuhusu mshindi.

Pwani imerithi Fumo Liyongo, shujaa na malenga ambaye mtawala wa Pate alimwogopa hata akataka afe. Habari zake, alizozitungia utendi Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, zinasema nguvu za maadui hazikumweza. Aliyemweza ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa cheo na binti wa mfalme, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na kwa siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Mwana alitimiza usaliti wake, lakini ahadi hakuiona.

Pwani hiyohiyo imetupa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 Pate ilipokuwa imekwisha kuanguka. Mshairi anatembeza macho yake katika majumba ya matajiri waliotamba, majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya Kichina kwenye vidaka, ambayo sasa yamekuwa makao ya popo na buibui. Basi mashaka juu ya utajiri kama kipimo cha mtu hayakuletwa na walimu wa fasihi wa leo.

Msimamo wa kwanza: Mafanikio ni mali inayoonekana

Msimamo huu ndio wenye wafuasi wengi na ndio unaodharauliwa upesi na wasomi, kwa hiyo ni haki kuanza na nguvu zake. Anayelipa kodi ya chumba kila mwezi hawezi kuambiwa pesa si kitu. Mali huonekana, huhesabika na hugawika. Huko Igembe, miraa imejenga nyumba za mawe na kusomesha watoto hadi chuo kikuu. Huko Mbeere, muguka umefanya hivyohivyo katika ardhi kame ambamo mahindi humwacha mtu na magunia matupu.

Itazame biashara yenyewe kwa karibu. Miraa huchumwa, huchambuliwa na kufungwa kwa vifungu, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba ili isikauke. Baada ya hapo ni mbio, kwa sababu jani hupoteza nguvu baada ya siku mbili hivi. Magari huteremka kutoka Maua kuelekea Nairobi kwa kasi inayojulikana na kila mkazi wa barabara ile. Katika biashara hii mshindi ni aliyefika sokoni kwanza. Anayechelewa ana majani tu.

Udhaifu wa msimamo huu unaonekana katika mambo mawili. Kwanza, ushindi wa mali hutegemea milango ambayo mshindi hana funguo zake. Uholanzi iliipiga miraa marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na wakulima waliohesabiwa kuwa waliofaulu wakajikuta wanatafuta soko jipya ilhali bidii yao haikuwa imepungua hata kidogo. Somalia nayo ilifunga mlango 2020 na kuufungua 2022. Kama mafanikio ni mali peke yake, basi mtu anaweza kulala amefaulu na kuamka amefeli kwa uamuzi wa bunge la nchi asiyowahi kuiona.

Pili, mali haisemi ilitoka wapi. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, ikitaja madhara kwa vijana. Wakulima wa Embu wakalia kwamba wananyang'anywa riziki na karo. Pande zote mbili zilisema kweli yao: gunia lilelile lilikuwa ada ya shule huku na kijana asiyelala kule. Safu mbili za daftari zilikuwa zimeandikwa katika kaunti mbili, na hakuna aliyekuwa akizisoma pamoja.

Fasihi imeupiga msimamo huu kwa nguvu. Katika Shetani Msalabani, Ngũgĩ wa Thiong'o anakusanya matajiri pangoni Ilmorog kushindana nani ni bingwa wa wizi, na kila mmoja anajisifu kwa lugha ileile inayotumika kusifu wafanyabiashara hodari. Euphrase Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), anampa Tumaini shamba na utajiri, kisha siasa ya vijiji vya Ujamaa inamwondolea alichojenga, naye anaua na kunyongwa. Lakini ni haki kusema kwamba fasihi nayo ina upungufu hapa: tajiri mwema ni mhusika adimu mno katika vitabu vyetu. Kijana anayesoma vitabu hivyo anaweza kudhani umaskini wenyewe ni uadilifu, na huo ni uongo wa upande wa pili.

Msimamo wa pili: Mafanikio ni alama

Wanaotetea mtihani wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Msahihishaji hajui baba wa mtahiniwa ni nani. Kwa miongo mingi mtoto wa mama mboga wa Majengo aliweza kumshinda mtoto wa mkurugenzi kwa karatasi ileile, akaitwa shule ya kitaifa. Katika nchi ambayo kazi na nafasi nyingi hupatikana kwa kujuana, nambari ilikuwa ngao ya asiye na mtu. Kuiondoa kuna gharama: tathmini ya miradi na vifaa inaweza kumpendelea mzazi mwenye uwezo wa kununua vifaa hivyo.

Udhaifu wake hata hivyo ni mkubwa. Katika KCSE ya 2024, takriban robo tu ya watahiniwa walipata C+ na zaidi, alama inayofungua mlango wa shahada chuo kikuu. Mfumo unaowaita robo tatu ya vijana wake walioshindwa, baada ya miaka 12 ya masomo, unapaswa kujiuliza maswali kabla ya kuwauliza wao. Tena, kipimo kinapogeuka kuwa lengo, watu hukitafuta kwa njia yoyote. Idadi ya waliopata A katika KCSE ilianguka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016, serikali ilipobana wizi wa mitihani. Akili za vijana hazikubadilika hivyo kwa mwaka mmoja. Tukikubali hilo, lazima tukubali kwamba baadhi ya sherehe za miaka ya nyuma, na watoto kubebwa mabegani mbele ya kamera, zilikuwa sherehe za ushindi usiokuwapo. Aliyelipa ni mtahiniwa mwaminifu aliyepata B yake kwa jasho, akaonekana hafifu kando ya A ya kununua.

Jaribio la kurekebisha lilifanywa na mwana wa eneo hili, Profesa Jacob Kaimenyi. Akiwa Waziri wa Elimu mwaka 2014, aliondoa upangaji wa shule na watahiniwa kwa nafasi. Waliompinga walisema ameua ushindani, waliomuunga mkono wakasema ameokoa watoto. Mjadala wa leo kuhusu mtaala mpya ni mjadala uleule. Swali lililofichika ndani yake ni kama inawezekana mtu afaulu pasipo mwingine kufeli. Mfumo wa nambari hujibu hapana. Mfumo wa matarajio hujibu ndiyo, kwa sharti kwamba shule zote ziwe na uwezo wa kuwafikisha watoto huko. Sharti hilo bado halijatimizwa.

Msimamo wa tatu: Mafanikio ni heshima na uchamungu

Mara tano kwa siku, adhana kutoka misikiti ya Majengo huwaita waumini waje kwenye kufaulu, na kufaulu huko hakuna ploti ndani yake. Ni mtazamo wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeandika wasia kwa bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa: yeye aliupima ubora wa maisha kwa dini, adabu na radhi. Kwa upande wa mlimani, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru lenye makao yake ya jadi Nchiru, halimpi mtu kiti kwa uzito wa mfuko pekee. Mwenendo wake, kauli yake na uwezo wake wa kupatanisha ndivyo vinavyotazamwa. Hata miraa inabadilika hapa: kifungu kinachopelekwa katika posa hakipimwi kwa bei ya kilo. Kinapimwa kwa heshima kinayobeba.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unampa nafasi asiyeweza kushindana sokoni wala darasani. Mzee asiye na shilingi anaweza kuwa mtu aliyefaulu, na kijiji chote kikakubali. Tena unadumu. Soko likifungwa, jina jema halifungwi pamoja nalo.

Udhaifu ni kwamba heshima hugawiwa na wenye madaraka ya kugawa, na wengine hulipia kwa miili yao. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipopiga marufuku ukeketaji, wasichana wengi wa Meru walijikeketa wenyewe. Jamii ilikuwa imewafundisha kwamba bila tendo hilo hawahesabiki kuwa wanawake kamili, halafu wanaume wakatoa amri bila kuwapa njia nyingine ya kufika kwenye heshima hiyo. Marufuku ilikuwa ya haki na bado ilishindwa wakati ule, kwa kuwa iliondoa tendo ikaacha kipimo palepale.

Tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, ambayo watahiniwa wa KCSE wanaisoma, inaligusa jeraha hili. Yona ni mwalimu, mtu mwenye kazi na familia, lakini kijiji kinamsimanga kwa kuzaa mabinti watupu. Anaamini kipimo cha kijiji, anazama katika pombe, anapoteza kazi, na Sara mkewe ndiye anayebeba hasira zake. Kisha ni binti, Neema, anayeitunza familia. Yona hakushindwa na maisha. Alishindwa na kipimo alichokubali kupimwa nacho, na Sara akalipa.

Msimamo wa nne: Ushindi ni kupambana, hata ukianguka

Huu ndio msimamo ambao fasihi yetu inaupenda. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anaeleza wajumbe sita waliotumwa pande sita kuitafutia nchi yao heri. Kila mmoja alirudi na maarifa, na kila mmoja akatiwa gerezani. Kwa hesabu ya kawaida ni safari sita zilizofeli. Lakini mhusika mkuu, Karama, anaposhtakiwa, anazitumia safari hizohizo kujitetea, na mwishowe wafungwa wanaachiliwa. Kufeli kwao kulikuwa hazina iliyongoja mtu wa kuitumia. Katika Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anamweka kiongozi wa vita vya Maji Maji mbele ya kifo, naye anakataa kutamka kwamba maji ya kinga yalikuwa uongo. Anajua kauli hiyo itageuzwa silaha ya kuwaambia wajukuu kwamba kupigania uhuru kulikuwa upumbavu.

Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka jirani na Meru, aliandika Kifo Kisimani (2001), ambamo Mwelusi anapinga utawala wa Bokono nchini Butangi na kuuawa kisimani na ndugu yake, Gege, aliyeahidiwa binti wa mtawala. Msomaji anayemjua Liyongo anaona mara moja kisima kilekile, damu ileile ya karibu, na ahadi ileile ya binti wa mtawala. Tofauti ni kwamba Liyongo alipokufa watu walisimama mbali kwa hofu, ilhali kifo cha Mwelusi hakikuzima mapambano ya Butangi. Kwa kuiweka tofauti hiyo, Kithaka anaupima ushindi wa shujaa kwa wanachokifanya walio hai baada yake.

Nguvu ya msimamo huu haihitaji kutetewa sana: bila wanaokubali kushindwa leo kwa ajili ya kesho, hakuna dhuluma ingeondoka. Udhaifu wake ndio usiotajwa darasani. Historia ya Meru inautaja. Field Marshal Musa Mwariama wa Mau Mau alikaa msituni hadi uhuru bila kukamatwa na Waingereza, akatoka Desemba 1963 akapokewa na Jomo Kenyatta. Mwenzake Baimungi M'Marete hakukubali kuweka silaha chini huku suala la ardhi likiwa halijatatuliwa, na mwaka 1965 aliuawa na majeshi ya Kenya huru. Wote wawili walipigana vita vilevile, na nchi ilihesabiwa kuwa imeshinda. Hata hivyo Mau Mau iliendelea kuwa kundi lililopigwa marufuku hadi 2003, na ni 2013 tu ambapo Uingereza ilikubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 takriban pauni milioni 20.

Kwa hiyo kumsifu aliyekufa kunaweza kuwa njia nafuu ya kukwepa deni kwa aliye hai. Sanamu hailalamiki na haidai shamba. Fasihi inayofundisha kifo cha shujaa bila kuuliza mjane wake alikula nini, inaisaidia jamii kusahau safu ya pili badala ya kuitunza.

Kupima misimamo

Misimamo yote minne ina ukweli, na kila mmoja unaharibika ukiachwa peke yake. Mali bila heshima huishia pango la Ilmorog. Alama bila uadilifu huishia A za kununua. Heshima bila haki humtoa kafara Sara, na mapambano bila kuwajali waliobaki huwaacha wapiganaji bila ardhi. Kuchagua mmoja na kuitupa mitatu hakutatusaidia. Yanayosaidia ni maswali matatu yanayoweza kuulizwa juu ya ushindi wowote.

La kwanza: nani amelipa? Ikiwa gharama imelipwa na mshindi mwenyewe, kwa jasho na subira, ushindi una msingi. Ikiwa imelipwa na mtu ambaye hakuulizwa, kuna deni, hata kama sherehe imekwisha.

La pili: nani anarithi? Chukua mfano wa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watumwa, akauza vyungu, hakujua kusoma. Mwaka 1928 alirekodi nyimbo Bombay, na sauti ya mwanamke wa tabaka lake ikasikika Afrika Mashariki yote. Alipata jina, lakini wanawake waliokuja baada yake walipata njia. Shaaban Robert, karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, aliandika wasifu wa Siti. Yeye mwenyewe alifariki 1962 na kuwaachia wasemaji wa Kiswahili urithi ambao hakuna tajiri wa zama zake aliyeacha mfano wake.

La tatu: je, ushindi huu unamhitaji mwingine aanguke? Mashindano mengine hayaepukiki, kwa mfano uchaguzi au nafasi moja ya kazi. Lakini kujua kusoma, kuwa na afya, kulea vizuri na kusema kweli ni mafanikio yasiyopungua yakigawanywa. Jamii inayogeuza hata hayo kuwa mbio za nambari moja inajitengenezea walioshindwa bila sababu.

Maswali haya hayampi mzazi nambari. Yanampa kitu kigumu zaidi, yaani wajibu wa kuamua, na ndiyo maana wengi wataendelea kuitamani nambari. Hilo linaeleweka. Serikali nayo haiwezi kuondoa kipimo cha zamani kisha iwaachie wazazi maskini mzigo wa kutimiza matarajio mapya.

Muhtasari

Utata wa leo umetokana na sababu tatu: mfumo wa elimu unaobadilisha kipimo kabla jamii haijabadilisha fikra, uchumi wa soko lisilotabirika unaopandisha na kushusha watu kwa amri za mbali, na fasihi inayosifu mashujaa wa aina ambayo maisha hayawalipi. Mali, alama, heshima na mapambano vyote ni vipimo halali, kila kimoja kwa sehemu yake, na hakuna kimoja kinachotosha.

Tunachosisitiza ni kwamba hukumu juu ya mshindi ikamilike. Mwalimu anayefundisha Kifo Kisimani au Bembea ya Maisha amuulize mwanafunzi nani amelipa, sambamba na swali la nani ni shujaa. Mzazi anayesoma karatasi ya matokeo atazame mtoto anaweza kufanya nini leo ambacho mwaka jana hakukiweza. Kamati ya harambee inayompa mtu kiti cha mbele iulize mali yake imemgharimu nani. Na nchi inayowasifu wapigania uhuru ianze na wale walio hai na watoto wao. Ushindi unaoweza kuyakabili maswali hayo hadharani unastahili kushangiliwa, uwe umepatikana sokoni, darasani, msikitini, kanisani au msituni.